Kompyuta Moja Imara, Laptopu Kuukuu Nyingi: Ushauri kwa Familia za Nchi ya Chai

Bonasi ya majani chai inapoingia, mara nyingi mwezi wa Oktoba, familia nyingi za Kericho na Bomet huketi kuigawa: karo, deni la SACCO, paa la nyumba, na siku hizi laptopu. Mtoto aliye Gredi ya 9 ana miradi ya shule. Kaka yake yuko Chuo Kikuu cha Kabianga, na kazi anazopewa lazima zichapwe. Mama ni mwalimu, ana maazimio ya kazi na ripoti za darasa. Baba anatakiwa kuwasilisha ritani yake ya KRA kabla ya Juni 30 kupita. Kila mmoja ana haja ya kweli, na bonasi ni moja.

Juu ya kabati la nyumba hiyohiyo mara nyingi kuna laptopu mbili au tatu zilizostaafishwa. Moja huchelewa mno kuwaka. Nyingine iliachwa kwa kuwa Windows yake haipokei tena masasisho. Ya tatu betri imekufa. Ninawasihi wenye nyumba wasizitupe, na ninawasihi vilevile wasiitawanye bonasi kwa laptopu tatu mpya za bei ya chini, zote dhaifu. Pesa hizo ziende kwenye kompyuta moja imara inayoendeshwa na mfumo wa Linux, kisha zile kuukuu ziunganishwe nayo ziwe vituo vya kuitumia.

Kazi hufanyika wapi?

Mkulima wa Litein au Mogogosiek hana haja ya mtambo wa kukausha chai shambani kwake. Majani huyapeleka kituo cha kununulia, yanapimwa na kupakiwa, na kazi nzito ya kunyausha, kukatakata, kuchachusha na kukausha inafanywa kiwandani. Kituo ni mizani na kibanda tu, lakini kupitia hicho mkulima anafikia mashine ambazo peke yake asingezimudu. Mpangilio ninaoueleza uko hivyo. Ile kompyuta imara, nitakayoiita kompyuta mama, ndiyo inayofungua kivinjari, kuhifadhi faili na kukokotoa. Laptopu kuukuu hupeleka mibonyezo ya kibodi na mausi, na kupokea picha ya skrini. Kazi hiyo ni nyepesi kiasi kwamba mashine yenye RAM ya GB 1 huiweza bila kuhangaika.

Jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu. Mradi wa LTSP, ulioanzishwa Marekani na Jim McQuillan mwaka 1999, ulijengwa kwa wazo hili hili. Nchini Afrika Kusini, wakfu wa Shuttleworth uliutumia katika maabara za shule zilizoitwa tuXlab, na Namibia shirika la SchoolNet liliunganisha shule kwa njia inayofanana. Kilichofaa darasa zima chafaa familia ya watu watano.

Kuchagua kompyuta mama

Huu ndio ununuzi mkubwa, kwa hiyo usiuharakishe. Tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK. Zimekuwa nyingi sokoni, na sababu inajulikana: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nyingi nzuri za kizazi cha 4 hadi cha 7 zimeondolewa maofisini kwa sababu hiyo tu, ilhali Linux huziendesha vizuri sana.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni RAM. Hesabu GB 2 za mfumo wenyewe, kisha GB 2 kwa kila mtu atakayeingia kwa wakati mmoja, maana kivinjari chenye kurasa nyingi hula sana. Watu watatu ni GB 8. Ukipata GB 16, hutajuta. La pili ni diski: iwe SSD, hata ya GB 240. Diski ya zamani inayozunguka ikitumiwa na watu watatu pamoja huwafanya wote wangoje. La tatu ni prosesa: Core i5 yenye viini vinne inatosha kwa kuandika, kusoma na kujaza fomu za mtandaoni. Ukilazimika kuchagua kati ya prosesa kubwa na RAM zaidi, chukua RAM.

Kompyuta mama inaweza pia kuwa laptopu, mradi ina nguvu hizo. Faida yake ni betri, kwani stima ikikatika haizimiki ghafla. Iwekee tu mpangilio kwamba kufunga kifuniko kusiilaze.

Kuzikagua zile za kabatini

Hapa usiwe mwepesi wa kukata tamaa. Laptopu ya kituo inahitaji skrini, kibodi, mahali pa kuchomeka waya wa mtandao, na chaja inayofanya kazi. Kilichobaki kina njia, na hata skrini na kibodi zina mbadala. Diski ikiwa imekufa, utaiwasha kwa flashi yenye Linux. Kibodi ikiwa na herufi mbovu, chomeka kibodi ya nje ya USB. Skrini ikiwa imevunjika, iunganishe na skrini ya mezani. Laptopu nyingi za zamani huwaka bila betri ilmuradi chaja imechomekwa.

Betri iliyovimba ni habari nyingine. Ukiona kifuniko cha chini kimeinuka au padi ya mausi imesukumwa juu, itoe betri mara moja, usiichaji tena, usiitoboe, na uiweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka uipeleke kwa wanaoshughulikia taka za umeme.

Kagua pia kama prosesa ni ya biti 32 au 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Kwa hizo tumia Debian 12 au antiX 23, ambazo bado huzikubali. Kompyuta mama lazima iwe ya biti 64.

Stima na radi: usikwepe gharama hii

Kama ungekuwa unaishi pengine, ningeipitia sehemu hii kwa haraka. Lakini hapa ni Kericho na Bomet. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda vilima hivi, na karibu kila alasiri ya msimu wa mvua huleta ngurumo na radi, na mara nyingine ile mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai. Anayewajua mafundi wa elektroniki wa Kapkatet au Silibwet anajua kwamba televisheni nyingi mezani kwao zimeletwa na radi. Ukiweka kazi za familia nzima kwenye mashine moja, lazima uilinde kuliko ulivyoilinda televisheni.

Anza na waya wa ardhi wa nyumba. Mwite fundi wa stima mwenye leseni aupime. Kifaa cha kuzuia umeme uliopanda ghafla hakiwezi kufanya kazi yake ikiwa umeme huo hauna pa kuelekea. Kisha nunua UPS kwa ajili ya kompyuta mama na rauta. Usitarajie ikupe usiku mzima wa kazi. Jukumu lake ni kukupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu, na kuikinga dhidi ya stima inayokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja.

Hata hivyo, hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga karibu. Kanuni ya nyumba iwe hii: ngurumo zikianza kukaribia, hifadhi kazi, zima, chomoa nyaya za stima, na uchomoe nyaya za mtandao pia. Watu wengi husahau hizo za mtandao, na radi hupitia humo.

Na tafadhali usivute waya wa shaba wa mtandao juu ya uwanja kutoka nyumba kubwa hadi nyumba ya vijana au jikoni. Radi ikipiga karibu, waya huo huubeba mshtuko hadi kwenye kila mashine iliyoungwa. Kati ya nyumba na nyumba tumia waya wa nuru, ambao haupitishi umeme, au Wi-Fi. Waya wa shaba ubaki ndani ya jengo moja.

Kuhusu tokeni, hesabu yenyewe haitishi. Chukua kompyuta mama inayotumia wati 50 na vituo vitatu vya wati 25 kila kimoja: jumla wati 125. Kwa saa nne za jioni hiyo ni nusu uniti. Kwenye mashine zako kipimo kitatofautiana kidogo, lakini si mzigo wa kuivunja familia.

Waya kwanza, Wi-Fi baadaye

Mtandao ninaouzungumzia ni wa ndani ya nyumba. Hauli bando. Hata intaneti ikikatika, au bando likiisha, vituo vitaendelea kuifikia kompyuta mama, na mtoto ataendelea kuandika insha yake.

Nunua swichi ndogo ya matundu matano au manane na waya wa Cat5e au Cat6. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na sebule na vyumba vya kulala haviwezi kufika huko. Wi-Fi ya laptopu za zamani ni ya polepole, na kuta za mawe huidhoofisha zaidi. Mwenye kutumia waya huona maandishi yakitokea papo hapo. Mwenye kutumia Wi-Fi dhaifu huona mausi ikiruka na hukata shauri kwamba mpango mzima ni mbaya. Mpe kila mtu waya kwanza ndipo uhukumu.

Kusakinisha, hatua kwa hatua

Kwenye kompyuta mama sakinisha Linux Mint, toleo la Xfce. Kuna matoleo yenye sura za kupendeza zaidi, lakini programu tutakayotumia kuunganisha vituo haielewani vyema na sura nzito. Xfce na MATE ndizo salama. Linux Mint 22 itapata masasisho hadi 2029.

Fungua akaunti ya kila mtu: mama, baba, kila mtoto. Mzazi mmoja tu awe na mamlaka ya msimamizi. Kisha, ukiwa kwenye intaneti, fungua dirisha la amri na uandike: sudo apt install openssh-server x2goserver x2goserver-xsession. Hiyo X2Go ndiyo itakayopokea vituo. Ni ya bure, na kila kinachopita kati ya kituo na kompyuta mama husimbwa kwa SSH.

Nenda kwenye mipangilio ya rauta, uitengee kompyuta mama anwani moja isiyobadilika. Usipofanya hivyo, itafika siku rauta itawashwa upya na kuipa anwani nyingine, na vituo vyote vitashindwa kuiona. Kisha zima mpangilio wa kompyuta mama kulala yenyewe. Ikilala saa mbili usiku, watu wote watatupwa nje ya kazi zao.

Kwenye kila kituo sakinisha mfumo mwepesi, antiX au Debian yenye Xfce, kisha uongeze x2goclient. Fungua programu hiyo, tengeneza kikao kipya, andika anwani ya kompyuta mama na jina la mtumiaji, chagua Xfce kama aina ya kikao, na kwenye kasi ya muunganisho chagua LAN. Weka nenosiri. Ndani ya sekunde chache ile laptopu iliyokuwa ikipumua kwa shida itaonyesha eneokazi la mashine yenye GB 16.

Huenda ukasikia ushauri wa kutumia LTSP badala ya X2Go, ili vituo viwake kupitia mtandao bila diski kabisa. Ni njia nzuri kwa shule yenye mashine ishirini zinazofanana. Lakini fahamu kwamba tangu LTSP ilipoandikwa upya mwaka 2019, kwa kawaida programu huendeshwa na kituo chenyewe, kwa hiyo mashine dhaifu hubaki na udhaifu wake. Kwa nyumba yenye laptopu za kila aina na kila umri, anza na X2Go.

Kinachowezekana na kisichowezekana

Kuandika kwa LibreOffice, kusoma PDF, barua pepe, eCitizen, iTax, kutuma maombi ya HELB, kujifunza programu ya Python: haya yote huenda vizuri.

Jambo ninalolithamini zaidi ni hili. Stima ikikatika na laptopu isiyo na betri ikazimika, kazi haipotei, kwa sababu haikuwa kwenye laptopu. Kompyuta mama iko kwenye UPS na insha bado imefunguka vilevile. Mtoto akirudi, hata kupitia laptopu nyingine, ataingia na kuendelea kwenye sentensi aliyoiacha. Ikiwa stima haikurudi upesi, mzazi ahifadhi kazi hizo na kuizima mashine kabla UPS haijaisha.

Video ndiyo udhaifu. Picha zinazobadilika kwa kasi hujaza mtandao, hukwamakwama, na kuchosha prosesa ya kompyuta mama. Atakayetazama masomo ya video akae kwenye skrini ya kompyuta mama yenyewe, au atumie simu. Michezo mizito na uhariri wa video pia havifai kwenye vituo.

Badala yake, jaza diski ya kompyuta mama na maarifa yasiyohitaji bando. Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia mara moja na kuisoma bila intaneti, na ile ya Kiswahili haichukui nafasi kubwa. Kolibri imetengenezwa mahsusi kwa mahali penye intaneti haba, ina masomo na mazoezi, na inaweza kusomwa kutoka kituo chochote nyumbani. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri, uilete nyumbani kwa flashi.

Kuitunza kama mali ya wote

Mashine moja ikiharibika, wote wameathirika. Hiyo ndiyo hatari kuu ya mpango huu, na dawa yake ni nakala. Nunua diski ya nje. Kila wikendi nakili humo mafaili ya watu wote, kisha uichomoe na kuifungia kabatini. Diski inayobaki imechomekwa wakati wa radi yaweza kufa pamoja na kompyuta. Timeshift, inayokuja na Linux Mint, hulinda mfumo dhidi ya masasisho mabaya, lakini kwa kawaida hainakili mafaili yako, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Kila mtu awe na nenosiri lake, na asiingie kwa akaunti moja kutoka sehemu mbili, maana kivinjari kitagoma. Watoto wafundishwe kutoka kwenye akaunti wakimaliza, na kumwachia mzazi kazi ya kuizima kompyuta mama. Usifungue mlango wowote wa rauta kuruhusu watu wa nje kuingia. Mtandao huu ni wa nyumbani na ubaki nyumbani. Kompyuta mama iwekwe juu ya meza, mbali na sakafu inayotoa unyevu asubuhi za ukungu, na mbali na moshi wa jikoni, kwa maana masizi huziba feni.

Vituo viwe sebuleni pale inapowezekana. Mtoto anayeperuzi mahali familia imeketi yuko salama zaidi, na mdogo hujifunza kwa kumtazama mkubwa.

Usipoyahitaji haya

Kama nyumbani kuna mtumiaji mmoja tu, mnunulie SSD na RAM, umwekee Linux kwenye laptopu yake, na umemaliza. Kama kijana anakaa bwenini, kituo cha nyumbani hakitamfuata. Anahitaji laptopu yake. Na kama hakuna mtu mmoja katika familia aliye tayari kujifunza na kuwajibika, ngojea mpaka apatikane. Mara nyingi ni yule wa kidato cha mwisho au wa mwaka wa kwanza chuoni, naye akipewa jukumu hilo hujifunza ufundi utakaomfaa maishani.

Laptopu ambayo kweli imeshindikana isitupwe shimoni wala kuchomwa ili kupata shaba. Sumu yake huingia ardhini na mitoni, na maji ya Kipsonoi na Nyangores hunywewa na watu na mifugo chini zaidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inatutaka tutenganishe taka na kuzitupa kwa njia salama. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea vifaa hivyo. Majirani wakikusanya vyao pamoja, safari moja yatosha.

Mwisho, usinunue chochote kabla ya kujaribu. Chukua laptopu bora uliyo nayo leo, hata iwe ya GB 4, uigeuze kuwa kompyuta mama kwa wikendi moja, uiunganishe na laptopu moja ya kabatini kwa waya na swichi, hata ikiwa ni ya kuazima. Mpe mtoto aandike humo kazi yake ya shule, na mama ajaze ripoti zake. Wakiona inawafaa, bonasi ikija mtajua mnanunua nini: RAM ya kiasi gani, nyaya mita ngapi, na UPS ya kubeba mzigo gani. Wakiona haiwafai, mtakuwa mmepoteza wikendi moja tu, na pesa ya chai bado iko mfukoni.